Mfungwa aliyepelekwa Sydney kutoka Morisi, karatasi imeandikwa "Mozambique": kwao ni wapi hasa?

#1 Mzawa wa Pangani (mtoa mada)

Wakuu, salaam.

Naishi Newcastle, kaskazini ya Sydney. Mke wangu ni Mwaustralia mweupe, na kwao miaka yote wamekuwa wakisema kuna damu ya Kihispania upande wa mama. Mama mkwe alipostaafu akaanza kufuatilia ukoo wake, akagundua kwamba yule Mhispania hakuwa Mhispania. Alikuwa mfungwa aliyehukumiwa Port Louis, Morisi (Mauritius), katika miaka ya 1830, akapakiwa melini kuletwa Sydney kutumikia kifungo cha maisha.

Orodha ya wafungwa wa meli ile inasema hivi: umri miaka 24, futi tano na inchi tano, rangi nyeusi, nywele za kipilipili, Mkatoliki, mtumishi wa nyumbani, kosa lake wizi ndani ya nyumba, mahali pa kuzaliwa Mozambique. Ana jina moja tu, la Kifaransa. Kwenye safu ya alama za mwili kuna "kovu kwenye paji la uso".

Mama mkwe kaniambia, "Wewe ndiye wa kule, nisaidie." Mimi ni mtu wa Tanga, na Msumbiji sijafika. Nauliza wenye kujua: mtu aliyeandikwa Mozambique wakati ule alikuwa mtu wa wapi? Kuna njia ya kumfikisha kwao, au safari inaishia Port Louis? Sitaki hadithi tamu ya kumfurahisha mama wa watu. Nataka kitu kitakachosimama.

#2 Jongoo Mwendo

Uzi mzito huu. Naweka kambi.

#3 Kifaru Mpole

Mkuu, ninavyojua mimi Australia walipelekwa wezi wa Kiingereza na Waairishi tu. Mweusi alifikaje huko? Isije ikawa mama mkwe kachanganya majina.

#4 Mwanamaji

Kifaru Mpole, hapana. Weusi walikuwemo tangu msafara wa kwanza kabisa, ule wa meli 11 uliotoka Portsmouth Mei 1787 na kufika Januari 1788. Maarufu wao ni John Caesar, anayedhaniwa alizaliwa Madagaska. Alihukumiwa miaka 7 Uingereza kwa wizi, na alipofika Sydney akawa anatorokea porini mara kwa mara mpaka akapigwa risasi mwaka 1796. Wanamhesabu kuwa mtoro wa kwanza kuishi msituni kwa bunduki katika koloni lile.

Jumla ya wafungwa waliopelekwa Australia kati ya 1788 na 1868 ni kama 162,000. Ni kweli wengi walitoka Uingereza na Ireland. Ila mahakama za makoloni nazo zilikuwa zinapeleka watu: Rasi ya Tumaini Jema, visiwa vya Karibi, Morisi. Kesi ya mtoa mada haina ajabu.

#5 Bint Mikindani

Mtoa mada hongera kwa kumsikiliza mama mkwe.

Hapo Morisi kuna kisa ambacho kinaniuma kila nikikikumbuka. Mwaka 1834 walipelekwa Sydney wasichana wawili watumwa, Elizabeth Verloppe na Constance Couronne. Walikuwa watoto kabisa, Constance hata miaka kumi hakuwa ameifikisha, na walishitakiwa kwamba walijaribu kumtilia sumu bibi yao, mwenye kuwamiliki. Constance alikulia huko, akaolewa, akazaa, na leo ana uzao mkubwa Australia. Kwa hiyo karatasi za Morisi na za Sydney zimeshawahi kuunganishwa na watu wa familia. Inawezekana.

#6 Mzawa wa Pangani (mtoa mada)

Bint Mikindani, nimemsomea mama mkwe ujumbe wako. Kanyamaza muda mrefu, halafu akaniuliza kama kwenye karatasi za kesi wale watoto wenyewe wamesema lolote. Nitamtafutia.

Mwanamaji, shukrani.

#7 Karani wa Zamani

Nimefanya kazi ya masijala miaka mingi, niseme la utaratibu kabla hamjaruka kwenye makabila.

Usianze na mfungwa, mtoa mada. Anza na mama mkwe mwenyewe, urudi nyuma cheti kwa cheti: kuzaliwa, ndoa, kifo. New South Wales ilianza kuandikisha vizazi na vifo kiserikali Machi 1856; kabla ya hapo ni vitabu vya kanisa. Vyeti vya vifo vya baada ya 1856 vina utajiri mkubwa: mahali alipozaliwa marehemu, miaka aliyoishi kwenye koloni, aliyemuoa na wapi, majina ya watoto. Cheti kikisema "miaka 35 kwenye koloni", unatoa hesabu na unapata mwaka wa meli. Mwaka ukigongana na orodha mliyonayo, basi mmeshika mtu mwingine.

Wengi wanapotea hapo. Wanaona jina kwenye orodha ya wafungwa, linafanana, wanalikumbatia. Mtu mwenye jina moja la Kifaransa aliyetoka Morisi anaweza kuwa na wenzake kadhaa wenye jina hilohilo. Mabwana wa mashamba walikuwa wakiwapa watumwa majina ya miezi, ya siku, ya miungu ya Warumi, na walirudiarudia.

Tena, mfungwa aliyetaka kuoa aliomba kibali cha gavana, na maombi hayo yameandikwa: jina, umri, meli, kifungo. Hicho kibali ndicho kinachomfunga mtu wa melini na mtu wa kanisani. Mnacho?

#8 Mzawa wa Pangani (mtoa mada)

Cheti cha kifo cha binti yake tunacho, na kinamtaja baba kwa jina lile la Kifaransa pamoja na jina la ukoo la Kiingereza, ambalo hatujui alilitoa wapi. Kibali cha ndoa hatujakiona. Kuna pia maneno ya familia kwamba alipewa cheti cha uhuru, na bibi mmoja alikuwa anakificha sandukuni.

#9 Karani wa Zamani

Hapo pana tatizo. Cheti cha uhuru walipewa wenye vifungo vya muda, miaka 7 au 14, wakimaliza. Wa kifungo cha maisha hakuna siku ya kumaliza, kwa hiyo hapewi. Yeye kwanza alipata kibali cha kujitafutia kazi ndani ya wilaya, kwa kawaida baada ya miaka 8 akiwa na mwenendo mzuri, na baadaye labda msamaha wenye masharti.

Kwa hiyo ama familia iliita msamaha "cheti cha uhuru", ama wa kifungo cha maisha na babu yenu ni watu wawili. Msivuke hapa mpaka mjue.

#10 Jongoo Mwendo

Karani kafunga mlango, funguo kaweka mfukoni 😄

#11 Mmakua wa Masasi

Nimesoma mpaka kwenye "kovu kwenye paji la uso" nikasimama.

Jamani, Wamakua wa zamani walikuwa wakichanja alama ya mwezi mchanga kwenye paji la uso. Wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19 waliiona na kuiandika, Livingstone mmojawapo. Babu zetu huku Masasi walikuja na hizo alama kutoka ng'ambo ya Ruvuma, na wazee wachache waliokuwa nazo niliwaona mimi mwenyewe nikiwa mdogo. Karani wa Sydney angeiona alama ya namna hiyo angeandika nini? Angeandika kovu. Hana neno jingine.

Na Wamakua waliuzwa kwa wingi sana kupitia Kisiwa cha Msumbiji kwenda visiwa vya Wafaransa, yaani Morisi na Réunion. Mpaka leo Madagaska kuna watu wanaitwa Makoa, uzao wa hao hao. Mtoa mada, huyo ni ndugu yetu. Nasema bila kusita.

#12 Kasuku wa Mji Mkongwe

Ndugu yangu wa Masasi, taratibu. Kovu la paji la uso hata mimi ninalo, nilianguka madrasa.

Jina "Mozambique" huko Morisi lilikuwa kapu. Waliotoka Quelimane, Ibo, Kisiwa cha Msumbiji, Kilwa na hata Unguja, wote waliandikwa hivyo hivyo. Wengine walikuwa wametembezwa kwa miguu kutoka Ziwa Nyasa. Mfaransa Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa mwaka 1776 wa kuuziwa watu 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vile. Elfu moja kwa mwaka! Hao nao waliposhuka Port Louis hawakuandikwa "Kilwa".

Mimi naona anaweza kuwa Myao, Mngindo, Mmwera, Mnyasa. Njia ya Kilwa ilimeza watu wengi wa bara la kusini.

#13 Mmakua wa Masasi

Kasuku, mkataba wa 1776 na kijana aliyezaliwa kama 1810 wapi na wapi? Morice alishakufa zamani.

#14 Kasuku wa Mji Mkongwe

Morice alikufa, biashara haikufa. Waingereza waliichukua Morisi mwaka 1810, na sheria yao ya kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa ilikuwepo tangu 1807, lakini watu waliendelea kuingizwa kisiwani kwa magendo miaka mingi tu. Ndiyo maana mwaka 1822 walimwekea Sayyid Said mkataba wa Moresby, wa kukataza kuwauzia Wakristo watumwa. Wasingehangaika na mkataba kama watu hawakuwa wanatoka Unguja na Kilwa kwenda kwa Wafaransa.

Mtoto wa miaka 8 au 10 aliyevushwa kabla ya 1822 anafikisha miaka 24 ndani ya miaka ya 1830. Hesabu inakubali kabisa.

#15 Kifaru Mpole

Samahani kwa swali la pembeni. Utumwa Morisi si ulifutwa 1834? Sasa kama alihukumiwa baada ya hapo alikuwa mtu huru.

#16 Bint Mikindani

Makoloni mengi ya Mwingereza ndiyo yaliyofuta Agosti 1834. Morisi ilikuwa tarehe 1 Februari 1835. Na baada ya hapo waliwashikilia kama "wanagenzi" kwa bwana yuleyule mpaka 1839. Kwa hiyo kila mtu aangalie tarehe ya hukumu. Mtoa mada, tarehe ni ipi?

#17 Mzawa wa Pangani (mtoa mada)

Hukumu ni kabla ya Februari 1835.

#18 Bint Mikindani

Basi kuna uwezekano mkubwa alikuwa mtumwa wa mtu siku anahukumiwa, na kama ni hivyo atakuwa kwenye daftari la watumwa. Waingereza walianzisha madaftari hayo Morisi 1815 ili kuzuia magendo, na nakala ziko kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew, kwenye fungu la T 71. Kila bwana aliorodhesha watu wake: jina, umri, kazi, kimo, alama za mwili, na asili yake, yaani Mkrioli aliyezaliwa kisiwani, Mmalagasi, Mhindi, au Mozambique.

Hapo ndipo lile kovu mnalobishania litasema. Karani wa Port Louis alikuwa ameona alama za Waafrika wengi kuliko karani wa Sydney. Lakini lazima kwanza mjue jina la bwana wake, kwa sababu madaftari yamepangwa kwa mabwana. Jina la bwana litakuwa kwenye karatasi za kesi, hasa kama ndiye aliyeibiwa.

#19 Nyota ya Kampala

Kuna jambo mmelisahau. Si kila "Mozambique" wa Morisi alikuwa mtumwa. Meli za magendo zilizokamatwa na manowari za Waingereza, watu wake walishushwa Port Louis wakaitwa walioachwa huru, halafu wakafungwa mkataba wa kazi wa miaka 14. Huru kwa jina. Mtoto aliyekamatwa hivyo anakua na kuwa mtumishi wa nyumbani, na hayumo kwenye daftari la watumwa kwa sababu kisheria si mtumwa. Msipomkuta T 71 msikate tamaa, tafuteni orodha za hao.

#20 Karani wa Zamani

Nyota ya Kampala, umeongea kitu kikubwa.

#21 Tai wa Nyeri

Nimeufuata uzi huu kazini badala ya kufanya kazi. Naongeza la kwetu.

Guka (babu) wangu alichukuliwa wakati wa Hali ya Hatari, enzi za Mau Mau, akapitia kambi ya Manyani kisha kambi nyingine ambazo nyanya hakuwahi kuambiwa. Tulipoanza kumtafuta kwenye karatasi tulimkuta na jina la ubatizo ambalo hakuna mtu nyumbani aliyewahi kumwita. Tuliruka faili yake mara nyingi tukidhani ni mtu mwingine. Kilichomtambulisha ni jina la chifu na la kijiji.

Nataka kusema hivi: majina ni ya mwenye kalamu. Shikeni vitu ambavyo karani hakuwa na sababu ya kuvibadilisha, kama kimo, meli, tarehe, jina la bwana, watu waliohukumiwa pamoja naye.

#22 Kifaru Mpole

Ila wakuu, kwa nini kujichosha na mwizi wa miaka 190 iliyopita? Familia ilimficha, wamuache apumzike.

#23 Bint Mikindani

Kifaru, mtu aliibwa yeye mzima, akapelekwa kisiwani, halafu akaambiwa mwizi. Mimi siwezi kumwita hivyo.

#24 Mwanamaji

Na familia nyingi za Australia zilificha wafungwa wao, hata wale weupe wa Kiingereza. Lilikuwa doa. Leo wanaringa nao. Karatasi za wafungwa ziliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2007. Aliyekuwa mweusi ndiye aliyefichwa mara mbili: kwanza kama mfungwa, halafu kama mweusi, akageuzwa Mhispania au Mreno.

#25 Tai wa Nyeri

"Damu ya Kihispania" 😂 Mtoa mada, kumbe ulipokwenda kuposa ulikuwa unarudi nyumbani.

#26 Mzawa wa Pangani (mtoa mada)

Hayo mama mkwe kayasema kabla yako, Tai.

Nimemuuliza kuhusu kipimo cha vinasaba. Anataka tuwapime wanangu, eti ni vijana na mate yao ni mazuri. Mnasemaje?

#27 Daktari wa Mimea

Usiwapime watoto! Baba yao ni mtu wa Tanga. Majibu yatajaa Afrika Mashariki kutoka kwako, na yule mzee hataonekana kamwe.

Hesabu iko hivi. Kila kizazi urithi unagawanyika nusu kwa wastani. Mfungwa ana mwana, mjukuu, kitukuu, kilembwe, kisha nadhani ndiyo mama mkwe wako, yaani kizazi cha tano. Wastani wake ni 1/32, kama asilimia 3. Mkeo ni asilimia 1 na nusu. Na huo ni wastani tu, kipande kinaweza kupotea kabisa kwa mtu mmoja na kubaki kwa binamu yake. Mpimeni mama mkwe, tena kama ana dada, kaka au shangazi aliye hai, mpimeni huyo wa umri mkubwa zaidi.

Wala msitegemee kipimo kiandike "Mmakua" au "Myao". Kitakachosaidia ni kupata ndugu wa mbali waliopima, wa Morisi, Réunion au huku kwetu. Watu wetu waliopima ni wachache, kwa hiyo ukimya wa mashine si jibu la hapana.

#28 Kasuku wa Mji Mkongwe

Tukiwa kwenye kuhamishwa, msisahau waliotolewa huku. Sayyid Khalid bin Barghash baada ya vita vya 1896 alikimbilia kwa Wajerumani Dar es Salaam, Waingereza wakaja kumkamata wakampeleka Shelisheli akafia huko.

#29 Mwanamaji

Alifia Mombasa, Kasuku. Walimpeleka St Helena na Shelisheli, baadaye wakamruhusu kukaa Mombasa, akafariki 1927. Aliyefia Shelisheli ni Kabaka Mwanga, 1903. Kabalega wa Bunyoro alikuwa huko naye, lakini yeye aliachiwa 1923 akafia Jinja akiwa njiani kurudi kwao.

#30 Mjukuu wa Ngome

Na kabla ya hao wote, mwaka 1837 Sayyid Said aliwakamata wakubwa wa Mazrui hapa Mombasa akawapeleka Bandar Abbas, na huko wakafa. Kwetu jambo hilo linasimuliwa kama la jana. Lakini wale walikuwa watu wa enzi, nasaba zao zimehifadhiwa. Mtumishi aliyechukuliwa mtoto hana wa kumhifadhia nasaba, ndiyo maana nataka mtoa mada afike mwisho wa jambo hili.

#31 Mwanamaji

Mfano wa karibu na kesi hii ni David Stuurman, kiongozi wa Wakhoikhoi. Alitoroka Robben Island mara mbili, akapelekwa Sydney 1823, akafa huko 1830. Makaburi alimozikwa yalihamishwa kupisha stesheni kuu ya Sydney, mabaki yake hayakupatikana, na mwaka 2017 Afrika Kusini walifanya ibada ya kuirudisha roho yake nyumbani. Hawakuwa na mfupa hata mmoja, wakaenda vivyo hivyo.

#32 Mmakua wa Masasi

Ndivyo ninavyotaka nasi tufanye. Akija mama mkwe Masasi tutampokea.

#33 Kasuku wa Mji Mkongwe

Na akiwa si Mmakua je? Wayao nao wana haki ya kumpokea. Mnamgawa mtu kwa kovu moja.

#34 Nyota ya Kampala

Au ni Mkrioli mwana wa mama wa Msumbiji, kazaliwa Port Louis, na karani wa Sydney kamuuliza "watu wako ni wa wapi" badala ya "ulizaliwa wapi". Mtumishi wa ndani, Mkatoliki, jina la Kifaransa. Nauona uwezekano huo ni mkubwa kuliko mnavyotaka kukubali.

#35 Mmakua wa Masasi

Watumwa wengi wa huko walipewa majina ya Kifaransa, hata waliotoka bara. Hilo halithibitishi kitu.

#36 Mzawa wa Pangani (mtoa mada)

Wakuu, taarifa. Tumepata kibali cha ndoa. Aliomba kumuoa mwanamke wa Kiairishi, naye mfungwa. Meli ni ileile na kifungo ni maisha. Kwa hiyo Karani, mtu wa melini na babu wa familia ni mmoja. Kile cheti cha sandukuni bado hatujui kilikuwa nini.

Tumeomba karatasi za kesi kutoka kwenye mafaili ya Morisi, kwa ajili ya jina la bwana.

#37 Karani wa Zamani

Safi sana. Sasa tafuteni msamaha wenye masharti kuanzia mwaka wa nane wa kifungo kwenda mbele. Na umri ulioandikwa kwenye kibali cha ndoa ni upi? Linganisha na ule wa melini.

#38 Mzawa wa Pangani (mtoa mada)

Kibali kinamfanya awe mdogo kwa miaka minne.

#39 Kasuku wa Mji Mkongwe

Miaka minne! Basi alizaliwa kama 1814, na kama alivushwa kabla ya mkataba wa 1822 alikuwa mtoto wa miaka saba au minane. Mmakua wa Masasi, mtoto wa umri huo anakuwa ameshachanjwa?

#40 Mmakua wa Masasi

Nakwenda kumuuliza mzee mmoja Jumamosi. Msifunge uzi.